Kalandi Jena, Mlinzi Aliyeziba Njia ya Mheshimiwa

Tarehe 31 Januari, Kalandi Jena anastaafu baada ya kulinda ndege wa ziwa la chumvi la Chilika kwa miaka thelathini na tatu na likizo mbili. Likizo ya kwanza alioa. Ya pili aliumwa macho, akarudi kazini siku ya nne akiwa amevaa miwani ya mkewe.

Uongozi umenitaka niandike mazuri tu kwenye ratiba hii ya kumuaga. Tabu ni kwamba mazuri yake mengi aliyafanya bila ruhusa ya uongozi.

Kwenye daftari la zamu, sehemu ya maoni, aliwahi kuandika: "Bata wamewasili kutoka Siberia, wamechoka. Bosi amewasili kutoka mjini, amechoka zaidi." Akapewa barua ya onyo. Aliisoma kwa sauti, akasahihisha tahajia.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Aprili, bosi wetu wa wakati huo aliamua kumkaribisha mheshimiwa mmoja kwenye kisiwa cha Balipatha, kwa mahema, vipaza sauti na kamba wa kukaanga. Huo ndio mwezi ndege aina ya buabua wanapotaga pale, mchangani, bila hata kiota cha maana. Kalandi aliandika barua tatu kupinga. Hakujibiwa.

Siku ya sherehe, boti zilimkuta ameuweka mtumbwi wake kukingama mlango wa kisiwa, anakula wali wa maji na samaki mkavu.

"Kalandi! Toa hilo dubwana!" bosi alifoka.

"Nikimaliza kula, bosi."

"Mwendawazimu wewe! Unajua nimekuja na nani?"

"Sijui. Ila huko ndani kuna mama elfu moja na mia mbili wamelalia mayai. Kwa jua hili, tukiwarusha robo saa tu, mayai yameiva. Kama mheshimiwa ana hamu ya mayai, mke wangu atamkaangia nyumbani."

Mheshimiwa, mama mtu mzima, alicheka mpaka akashika ubavu. "Tugeuze, jamani. Huyu habanduki."

Sherehe ikafanyika gatini. Baada ya siku mbili Kalandi akahamishiwa stoo ya mafaili. Barua ya uhamisho ilihitaji mashahidi watatu kuthibitisha "utovu wa nidhamu". Sisi wenzake, mashujaa wa kunywa chai, tulisaini. Saini ya tatu ni yangu.

Miaka minne alipanga mafaili. Kila mchana alipanda baiskeli hadi ufukweni, akasimama kukitazama kisiwa, akarudi. Kisiwani boti ziliingia zilivyotaka. Msimu wa nne tulihesabu viota tisini. Bosi alipandishwa cheo.

Bosi mpya alipomrudisha Kalandi kisiwani, nilikwenda kumpokea. Akaniambia: "Basanta, mdogo wangu, niliiona saini yako. Una mwandiko mzuri. Haya, shika upondo, tusukume mtumbwi."

Msimu uliopita viota vilikuwa elfu moja na kumi na nne. Picha ya viota hivyo iko kwenye jalada la ratiba hii, chini ya maneno "Mafanikio ya Uongozi". Kalandi mwenyewe hayumo pichani. Ndiye aliyekuwa ameshika kamera.

Kaka Kalandi, asante, na unisamehe. Pumzika, ulale mpaka jua liingie dirishani, macho yapone. Jana niliandika barua kuomba zamu ya Balipatha. Ikifika Aprili, pita uone kama nimekaa pale mlangoni. Usiponikuta, nitukane mbele ya watu.