Majaribio Aliyoyaacha Yakiendelea

Leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, mawingu yakiwa yametanda bila mvua, mimi mdogo wake marehemu nimeagizwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyofuatana.

Alizaliwa tarehe 2 Februari 1971, mtoto wa tatu kati ya sita, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 1995, akafundisha sekondari miaka minne, kisha akaajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta, ambako kazi yake hadi mwisho ilikuwa kupima programu zinazotoa jibu kwa mipaka miwili, wa chini na wa juu, ambayo ni lazima jibu la kweli liwe katikati yake.

Tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na mpima ardhi, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wakimuuliza atarudi saa ngapi aliwajibu, "Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu," na kweli hakuwahi kutoka nje ya hapo.

Machi mwaka huu, akiwa tayari na saratani ya ini, aliletewa programu ya kukadiria dozi za wagonjwa mahututi, iliyokuwa imefaulu majaribio yote, akakataa kuipitisha, kwa hoja kwamba ilijaribiwa kwa namba rahisi tu, na kwamba alishuku kuna mahali inapokata tarakimu za mwisho za desimali na kusahau kuushusha kidogo mpaka wa chini na kuupandisha wa juu, ili jibu la kweli lisibaki nje. Mkuu wake alimtania, "Mama Mipaka, kwako hata malaika atapimwa mlangoni," naye akajibu, "Apimwe, ana haraka gani?" Mumewe, alipoona anazidi kukonda, kompyuta iko naye kitandani, alimsihi, "Mama watoto, tia saini upumzike," lakini yeye akaanzisha majaribio mapya ya namba ngumu, akalazwa tarehe 26 Mei, akafariki Jumatatu iliyopita saa kumi na moja alfajiri, majaribio yakiwa hayajaonyesha kosa hata moja, na wapo waliosema amekufa na ubishi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao hawakuizima kompyuta yake, na ambao jana alasiri walimtuma mkuu wao mwenyewe kutuambia kwamba kazi imekwisha na programu ile haitakwenda hospitalini.

Dada, pumzika kwa amani: katika majaribio milioni arobaini, majibu yaliyouacha ukweli nje ni matatu.