Fimbo ya Wepukhulu Inayoinuka Bila Kupiga

Benchi yetu iko Kapsoya, kando ya kinyozi, inatazamana na ploti ya Mama Kageha. Huo ulikuwa mwaka wa 2009. Waliochomewa nyumba kwenye vurugu za uchaguzi walikuwa wamerudi na salamu zilikuwa tamu, lakini mtu akipita hata na jembe, tulimfuata kwa macho. Asubuhi hiyo, kahawa mkononi, tulikuwa tunamchungulia Wepukhulu, mpangaji wake mpya. Ameweka taulo kwapani, anainua fimbo ya chuma polepole kurudi nyuma hadi begani, anaisimamisha, halafu anaishusha bila kupiga kitu. Taulo ikianguka, anaanza upya.

— Mtu wa kutafuta afya hukimbia, alisema Okumu, tunayemwita Spika kwa kupenda kutoa uamuzi. Huyu anapima kimo cha mtu.

Wabuge, fundi wa redio, sisi humwita Intelijensi. Yeye aliapa kwamba taulo inaficha kitu.

— Na mbona hapigi? nikauliza.

— Haba na haba hujaza kibaba, alijibu Spika. Saa hii anainua. 2012, kura ikirudi, ndio atashusha.

Hatukucheka. Intelijensi akaongeza kwamba hata kule mjini Turbo kuna wengine wanaoinua hivyo hivyo, kikosi kizima, wote na taulo. Hakusema nani alimwambia. Mimi duka langu liliungua 2008 na bado naota ule moshi, basi niliogopa, jamani. Nilivuka barabara nikamweleza Mama Kageha yote, na kidogo ya kwangu juu.

Siku ya tatu Wepukhulu alikuja benchi. Alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Alituambia yeye hubebea matajiri wa Elgon View mifuko yao ya gofu, na Jumamosi wabebaji wanacheza wenyewe; mshindi anapewa kazi ya kufundisha. Akiinua fimbo kwa pupa mkono unaachana na mwili, taulo inaanguka, na siku ya mchezo mpira unaingia msituni. Kwa hivyo mwalimu wake alimkataza kupiga kwanza. Ainue tu.

Spika alisema hata yeye alidhani ni gofu.

— Mama Kageha anataka nihame kesho, Wepukhulu akasema. Ati watu wa hapa wanasema najiandaa kuua. Wazee wangu, mimi pia nilichomewa. Ni nani alimwambia?

Kila mtu alitazama kikombe chake. Nikamsogezea nafasi kwa benchi, akaketi kando yangu, akanishukuru.