Neno Alilotaka Théodore Liandikwe Msalabani

Tunayemsindikiza leo, Théodore Kalenga, alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa nne wa Mzee Kalenga wa reli na Mama Feza, muuza unga wa mahindi.

Alisoma Likasi na Lubumbashi, kisha mwaka 1984 akapata nafasi ya kusomea kemia Szeged, nchini Hungaria. Mama Feza alifariki Novemba 1986. Barua ilimfikia mwanawe Januari, kaburi limeshaota majani. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa akifundisha neno anyagcsere, yaani jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu. Akaligawa ubaoni: csere ni kubadilishana, anyag ni maada, neno ambalo wasomi wa huko waliliunda zamani kutokana na anya, mama. Théodore akanyoosha mkono, akauliza mama anabadilishwa na nini. Darasa zima likacheka, kumbe mwenzao alikuwa anauliza kweli.

Alifika Johannesburg mwaka 1994, akafanya kazi katika maabara huko Braamfontein hadi alipostaafu 2022.

Mwaka 1998 alimwoa Marcelline, msusi wa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg hukohuko. Ndoa haijatimiza mwaka, bibie akakuta neno lile limejaa kwenye madaftari ya mumewe, akadhani ni jina la mwanamke wa Hungaria, akagoma kupika siku mbili. Ikabidi Théodore amweleze yote, pamoja na habari ya barua. Marcelline alielewa nusu, akarudi jikoni.

Kisukari kilimwanza 2015, figo zikafuata. Siku za mwisho hospitalini alisema, "Baandike ile neno ku musalaba yangu." Marcelline akamuuliza, "Na batu bakiniuliza, mitabajibu nini?" Théodore akafumba macho, akalala. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025.

Tangu siku hiyo Marcelline hajatulia. Mchungaji hakutaka msalabani neno asilolijua. Binti yao Murielle alilitafuta kwenye simu, akasema, "Eish, Mama, ni mambo ya mwili tu." Mwili gani tena, na mtu anazikwa? Aliogopa kumnyima mumewe ombi la mwisho, na aliogopa kumwandikia upuuzi. Jana asubuhi alimwendea fundi wa misalaba, akamwagiza aandike neno lile kama lilivyo, na chini yake: Mwana wa Feza.

"Hakumuzika mama yake," alituambia. "Sasa balale pamoja."

Marehemu ameacha mjane, Marcelline; watoto wawili, Murielle na Cédric; na mdogo wake Ezéchiel, anayesoma haya bila kuyaelewa yote. Mungu ampumzishe, na mama yake ampokee.