Wageni Wasioota wa Ndoto Saba

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na waliokaa kwenye benchi chini ya dirisha la chumba namba nne walionekana kama watu wasio na miguu. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya wageni ambayo ni kongwe kuliko barabara inayopita mbele yake. Waliokaa ni walewale. Alikuwepo Brashi, mwandika mabango, mwenye rangi kwenye kucha tangu ujana wake. Alikuwepo Fundi Saa, ambaye hajawahi kuvaa saa. Wakili naye alikuwepo, na huyo mahakamani ameingia mara moja tu maishani, tena kama shahidi. Kahawa ilikuwa ya Shemeji, anayeitwa shemeji na mtaa mzima ingawa hakuna anayejua dada yake aliolewa na nani. Wanafika alfajiri, kila siku ya Mungu, na hawaondoki mpaka birika likauke. Bi Shuka alisimama mlangoni na ufagio ambao hakuwa anafagia nao, masikio yote mawili yako ngazini.

Alikuwa anamsubiri mgeni wa namba nne, mwanamke wa makamo aliyekuja jana na begi dogo na macho ya mtu ambaye usingizi umempiga chenga siku nyingi. Akishuka ataandika kwenye daftari la wageni, kama wote, na hapo ndipo roho ya Bi Shuka ilipokuwa inaning'inia. Juzi mwenye nyumba, aliyeirithi kwa marehemu baba yake, alilifungua daftari lile, akasoma kurasa tatu huku anatikisa mguu, akasema: "Bi Shuka, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini lalamiko moja tu tena, nafunga. Patakuwa ghala la saruji." Bi Shuka ametandika vitanda vya pale miaka thelathini na moja, na chumba anacholala mwenyewe ni kile cha uani, nyuma ya jiko. Saruji haitandikiwi shuka. Hakuwa na pa kwenda.

Na malalamiko yenyewe, ungeyasikia. Hakuna aliyelalamikia maji wala kunguni. Mmoja aliandika: "Nimesafiri siku mbili kuja kuota. Sikuota." Mwingine: "Mume wangu ameota, mimi hapana. Si haki." Wa tatu alikuwa na hasira kabisa: "Nimeota nafua. Kufua ningefua nyumbani." Maana bango juu ya mlango lilisema NYUMBA YA WAGENI NDOTO SABA, na watu, bwana, huwa wanayaamini mabango.

– Kosa ni mito, Wakili alisema. Mto ukiwa mgumu ndoto inateleza. Inaanguka chini ya kitanda, asubuhi Bi Shuka anaifagia na kuitupa.

– Mimi nafagia vumbi, alisema Bi Shuka.

– Umewahi kulichunguza?

Bi Shuka akautazama ufagio. Kulichunguza, kwa kweli, hakuwahi.

– Mto hauna hatia, alisema Fundi Saa. Tatizo ni ile saa ya ukutani pale ngazini. Imesimama saa kumi kasorobo tangu marehemu afariki. Ndoto inafika kwa zamu yake, inatazama saa, inaona imewahi sana. Inageuka inakwenda zake.

– Si wewe uliyepewa uitengeneze?

– Ninaifikiria.

– Mwaka wa ngapi huu unaifikiria?

– Usinichanganye, nimekwambia ninaifikiria.

Shemeji alimimina, mvuke wa kahawa ukachanganyika na ukungu, hata haikujulikana kipi kinaishia wapi. Wakili akapokea kikombe, akakipuliza kwa hadhi.

– Basi nitawaambia ukweli wenyewe, alisema. Ndoto zimekwisha. Kila chumba kilipewa akiba yake siku nyumba inajengwa. Waliotangulia wakaota bila kipimo, mtu mmoja ndoto nne, tano, usiku mmoja. Hawakutufikiria.

– Watu wa zamani walikuwa na pupa, Shemeji alikubali.

– Hazijakwisha, alisema Fundi Saa. Zimepakwa chokaa. Kila mwaka ukuta unapakwa, ndoto zinabaki chini, tabaka juu ya tabaka. Weka sikio uone. Utamsikia mtu wa zamani anaomba apitishiwe chumvi.

Hakuna aliyecheka. Waligeuka taratibu wakaweka masikio ukutani, wote wanne, na Bi Shuka naye akaweka la kwake. Ukuta ulikuwa na ubaridi mtamu. Walikaa hivyo kitambo, macho yamefumbwa, na mtaa wote ukawa kama umesogea mbali. Wakili akanong'ona kwamba amesikia farasi. Lilikuwa tumbo la Shemeji.

Brashi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitoa ukutani. Tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, na kwa Brashi hiyo ni dalili ya ugonjwa.

– Jamani, nina neno limenikaa hapa. Lile bango, siku napewa kazi, nililikuta limeliwa na kutu. Nikasoma N, D, O, halafu shimo, halafu O. Nikasema masikini, herufi imeanguka. Nikaweka T.

– Sasa?

– Juzi nimeona picha ya zamani kwa kinyozi. Bango linasomeka vizuri kabisa. Hakuna herufi iliyoanguka. Kutu ilikula pale katikati tu.

Wakili alihesabu herufi kwa vidole. Akahesabu tena.

– Ndoo?

– Ndoo. Nyumba ya Wageni Ndoo Saba.

– Ndoo za maji?

– Kuna nyingine?

– Miaka sita, alisema Fundi Saa kwa upole, watu wanatoka kwao kuja kuota ndani ya ndoo.

Brashi aliinamisha kichwa. Bi Shuka akaegemeza ufagio mlangoni, akaja akakaa kwenye ncha ya benchi, jambo ambalo halifanyi akiwa kazini.

– Mimi nilijua, alisema.

Wakamgeukia.

– Zile ndoo nilikuwa nazibeba mimi, kabla ya mabomba. Saba kila asubuhi, kutoka kisimani mpaka juu. Na siku ile unaandika, Brashi, nani alikuwa anakushikia ngazi? Niliiona T yako inaingia.

– Ukanyamaza, Bi Shuka?

– Neno ndoo limeniuma begani miaka mingi. Nikasema, wacha nami nifanye kazi chini ya neno zuri.

Alisema hivyo akiangalia chini, maana alikuwa anaona haya. Alilipenda lile neno. Kila akitandika kitanda alikuwa analisema kimoyomoyo, na kulichomekea pamoja na shuka kwenye kona zote nne. Sasa neno lenyewe ndilo lililokuwa linamtoa kwenye nyumba.

Ngazi ikalia. Mgeni wa namba nne akatoka, daftari kwapani, kalamu mkononi.

– Shikamoo mama.

– Marahaba mwanangu. Umeamkaje?

– Nimeamka tu. Sikuota kitu.

Bi Shuka akaitazama kalamu. Wakili alisimama hapohapo, akakohoa, akamweleza mgeni habari yote ya mto, ya saa, ya akiba na ya chokaa, Fundi Saa akimsahihisha kila alipovuta pumzi. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali dogo tu:

– Kwani kuna mmoja wenu aliyewahi kulala humo?

Brashi alitazama kucha zake. Fundi Saa alitazama mkono usio na saa. Shemeji akainamisha birika juu ya kikombe, halikutoa hata tone. Kila mmoja akamtazama Bi Shuka. Miaka thelathini na moja, na hata kukaa ukingoni mwa kitanda hakuwahi.

– Chumba ni changu mpaka mchana, alisema mgeni. Panda ukalale, mama. Nikiandika, niandike kwa ushahidi.

Neno ushahidi lilimfurahisha sana Wakili.

Bi Shuka alipanda. Alivua ndala, akaziweka sambamba, akajilaza juu ya shuka zake mwenyewe kama mtu aliyeingia chumba cha wakwe. Dari ilikuwa ya mbao. Hakuwa anajua. Miaka yote hiyo alikuwa ameinama. Akafumba macho, mwili ukaanza kulegea, na pale pale akaisikia sauti ya Wakili, kana kwamba yuko naye kwenye mto.

– Mimi nasema ataota samaki.

– Samaki? Kwa godoro lile?

Kikombe kiligonga kikombe. Mtu akapiga chafya. Bi Shuka akafumbua macho, akalala hivyo anasikiliza, neno kwa neno, na pole pole jambo likamwingia akilini. Alinyanyuka, akaweka viwiko dirishani. Chini yake vichwa vinne vilikuwa vinaelea kwenye ukungu, na cha mgeni cha tano.

– Jamani, aliita.

– Naam, Bi Shuka. Umeshaota?

– Ni ninyi.

– Sisi tumefanya nini?

– Mnaongea. Kila siku kuanzia alfajiri, sikioni mwa mtu.

Brashi alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Kimya kilichofuata hakijawahi kutokea mtaani pale. Bi Shuka akarudi kitandani, na usingizi ukamjia taratibu, ukamchukua.

Alipoamka ukungu ulikuwa umekwisha na jua limejaa chumbani. Alichungulia dirishani. Benchi halikuwepo. Wazee wazima walikuwa wamelibeba wenyewe, ubao na matofali, mpaka upande wa pili wa barabara, na huko walikuwa wamekaa wananong'onezana. Mgeni alikuwa ameshaondoka. Aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba ni mwenye nyumba, daftari limefunguliwa mikononi mwake. Bi Shuka aliruka kutoka kitandani, akajiona ameumbuka.

– Mwanangu, nisamehe.

Mwenye nyumba akaingia. Alimgeuzia daftari asome mwenyewe.

"Sikuota. Lakini nilipopanda kuchukua begi nilimkuta mama anayetandika vitanda amelala, anacheka usingizini. Nikakaa namtazama mpaka basi langu likaniacha. Nitapanda la jioni. Mwezi ujao nakuja na dada yangu, tupewe hiki hiki."

– Hili ni lalamiko? aliuliza mwenye nyumba.

– Sijui, mwanangu.

– Ulikuwa unacheka nini?

Bi Shuka alijaribu kukumbuka. Kulikuwa na kitu kizuri, alikuwa na hakika, na kilikuwa bado kimemwachia wepesi kifuani, lakini chenyewe kilikuwa kimekwenda.

– Sikumbuki. Ila kitanda hiki ni kizuri.

Mwenye nyumba alikaa ukingoni, akalijaribu godoro kwa kiganja. Akakaa kidogo hivyo. Kisha akaanza kuvua viatu. Bi Shuka akatoka, akaurudisha mlango polepole.