Kamshafti ya Tatu

Basi letu lilikuwa linaelekea Wamunyu. Mbele yangu mama mmoja alipakata kamshafti mpya, kile chuma kirefu cha ndani ya injini, na mzee aliyekaa naye, ambaye alisema yeye ni fundi wa magari, akamuuliza nani ataifunga.

"Ni baba. Anatengenezea gari yake pale nyumbani. Lakini hii ni ya tatu, mzee. Alikuwa fundi miaka arobaini, sasa akili inapotea. Anakaza nati za upande mmoja mpaka mwisho, anasahau zingine, chuma inavunjika. Halafu analia, na kesho yake ananiuliza nani ameharibu gari."

"Mfichie spana, mama. Unajitesa bure."

"Nilificha. Alilala wiki mbili akiangalia ukuta. Nikimpelekea chai, ananiuliza mimi ni nani."

Mimi nilijifanya kusoma simu yangu, ambayo ilikuwa imezima.

"Lakini hiyo gari haitawahi kutoka hapo," mzee akasema, sasa kwa upole.

"Najua. Lakini akiwa kwa injini, nikipita ananiambia, 'Mutheu, niletee tochi.'"

Mzee alitaka kujibu, lakini basi lilikuwa limesimama. Mutheu akainua chuma chake, akashuka.