Muhogo Niliokuwa Nampelekea Mganga

Bwana asifiwe sana! Nawasalimu nyote, wa hapa Runazi na wageni wetu kutoka Ngara. Mimi ni Mama Devota. Mnanijua kwa mdomo wangu, najua! Leo mdomo huo umekuja kukiri, maana nusura uue mtu.

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Mugoma, nimeolewa hapa. Na kwetu mtu haondoki kwa wazazi mikono mitupu. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia mama, akanifungia mzigo wa mbegu za mihogo, vile vijiti vya kupanda. Nikaupandisha kwenye basi, nikarudi nimejaa furaha, nikapanda shamba zima. Nikampelekea na jirani yangu, Mama Kabula, mjane wa Kisukuma aliye rika la mama yangu. Akashukuru, akasema za kwake zinatosha. Nikaudhika. Zawadi inakataliwaje?

Mihogo ikastawi, majani yake hata wapita njia wakayasifia. Siku ya kung'oa nakata wa kwanza: ndani umeoza, wa kahawia, mkavu. Wa pili hivyo hivyo. Shamba zima! Na kwa Mama Kabula, hapo hapo mpakani, mihogo myeupe kama maziwa. Watoto wangu walikunywa uji mara moja kwa siku, nami nikatafuta mchawi. Alikataa zawadi yangu. Anaishi peke yake. Ana macho mekundu. Jamani, si ni moshi wa kuni tu! Hata yangu ni mekundu.

Nikaacha kumwamkia. Nikamsema kisimani, nikamsema sokoni. Shemeji yangu akaenda kwa mganga, akarudi na agizo: upelekwe muhogo mmoja ulioharibika, naye atataja jina la aliyeuroga. Vijana wa kijiji wakaapa kwamba jina likitajwa, yule mama halali kwake. Nilijua maana yake, ndugu zangu. Nilijua, na bado nikautia muhogo kwenye mfuko nikatoka.

Mungu akaleta mvua! Ikanikimbiza hadi ndani ya kituo cha intaneti cha kata, kile chumba chenye kompyuta nne na sola juu ya bati, ambacho siku zote nilikiita kijiwe cha wavivu. Kilijaa watu, huyu anatafuta matokeo ya mwanawe, yule bei ya mahindi. Mwalimu Felista, mstaafu anayekisimamia, akaniuliza nimebeba nini. Kwa aibu nikasema ni muhogo mbovu tu.

"Hebu tuuone," akasema. Akaukata pale mezani, akauangalia, akaandika maneno kwenye kompyuta.

Wapendwa, muhogo wangu ukatokea! Picha ya shamba la mbali kabisa, uozo ule ule. Mwalimu akasoma kwa sauti, na foleni yote ikasogea kusikiliza: ni ugonjwa, unaitwa michirizi ya kahawia, majani yanaweza kupendeza huku chini kunaoza, na unasafiri ndani ya mbegu.

"Mbegu ulizitoa wapi, mama?"

Kwetu, Mugoma! Nilizileta mimi! Kwa mikono hii! Nikalia mbele ya watu wote, nikasema nilikokuwa nakwenda na kwa ajili ya nani. Wakanisindikiza hadi kwa shemeji. Peke yangu asingeniamini, lakini watu wote wale walikuwa wameona kwa macho yao. Vijana waliokuwa wakisubiri pale wakatawanyika.

Kisha nikaenda kwa Mama Kabula, nikapiga magoti uani, nikamweleza yote, hata habari za mganga. Akanishika mkono, akaniinua. Akasema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Mbegu nzima ninazo, ningekupa."

Ndugu zangu, msimu huu nimepanda mbegu zake. Bado sijavuna, na njaa haijatuacha kabisa, lakini nalala usingizi. Mungu alitumia mvua, akatumia mwalimu mstaafu, akatumia kompyuta ya watu wote. Asante, Baba! Na wewe unayesumbuka, mtumaini yeye. Kabla hujamtaja jirani yako, nenda pale kituoni ukaulize. Hakuna anayefukuzwa.

Mama Kabula hasali kwetu, lakini nimemwomba aje, yuko kule nyuma. Mama, naomba usimame. Mtazameni, wapendwa. Yuko hai!