Mizunguko Mitatu ya Ziada

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Gundi, hujakosa starehe, maana mguu wake mmoja ni mfupi na umetegeshwa kwa soli ya buti. Ulichokosa ni maneno. Benchi limeegemea ukuta kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu, pale njia nne zinapokutana, na kila jioni Shangazi hutua hapo na jiko lake la mkaa na birika la kahawa, kinyozi hajamaliza hata kichwa cha mwisho. Fundi viatu ndiye Gundi mwenyewe. Jina walimpa kwa ajili ya mikono yake, na kwa ajili ya kigoda chake pia, kwa kuwa akishakikalia hakuna anayekumbuka kumwona amesimama. Juu ya kichwa chake ukuta umejaa vistari vya chaki, vitanovitano, vya zamani vimefifia na vipya vinang'aa. Jumatatu ile wenzake walikuwa wakichekelea kama watu waliooa wote siku moja. Gundi peke yake alikuwa ameinamia kiatu cha mteja, akipiga msumari uliokwisha kuingia zamani.

– Ni ile plasta, alisema Breki. Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, na jina hilo alipewa na watu wenye kejeli, kwa sababu akianza kuongea hakuna wa kumsimamisha. – Mwaka jana mguu wake ulibeba plasta wiki sita. Sasa chukua lori limepanda mlima na tani kumi, halafu ushushe mzigo wote kule juu. Si litaruka? Mguu ulipofunguliwa ukajiona mwepesi, na mpaka leo haujashtuka.

– Plasta ilikuwa mguu mmoja, Mzee Breki, alisema Wembe, kinyozi, akiwa amesimama mlangoni na taulo begani. – Kwa hesabu yako angekimbia anapinda.

– Ule mwingine uliona wivu.

Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa.

– Samahani, wazee wangu, ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi. – Nani huyo mnayemzungumzia?

Alikuwa mwalimu mgeni, aliyehamia mtaani wiki iliyopita. Kisigino cha kiatu chake kilikuwa mikononi mwa Gundi, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda, na mguu wake mtupu aliuweka juu ya gazeti.

– Humjui Mama Shuka? alisema Breki, na uso wake ukang'aa kwa kumpata mtu asiyejua. – Mwanangu, kaa vizuri. Ni mama wa miaka arobaini na minne. Anafua mashuka hospitali, siku nzima kwenye mvuke. Mumewe alifariki, watoto wako mbali. Siku moja akasema anataka kukimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili, na aimalize kabla ya saa nne kutimia. Sisi tulicheka.

– Wewe ulicheka, alisema Shangazi.

– Tulicheka. Mara ya kwanza akatumia saa nne na nusu, nusu ya njia anatembea. Mara ya pili saa nne na dakika tisa. Dakika tisa, mwalimu, muda wa kunywa kikombe kimoja cha hiki. Alilia hapo hapo ulipokaa. Mwaka jana alikuwa tayari kabisa, na wiki tatu kabla ya mbio mfupa wa mguu ukapasuka. Akawa anapiga pasi mashuka amesimama mguu mmoja, goti lingine kalilaza kwenye kiti. Plasta ilipotoka akaanza upya. Alitembea mzunguko mmoja wa mtaa huu, akaenda kulala. Kesho yake miwili.

– Na jana?

– Jana, alisema Breki, akasubiri mpaka wote wakamtazama. – Saa tatu na dakika hamsini na nane.

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, na Gundi, aliyekuwa akimtazama kwa pembeni, akaona kwamba huyu amelielewa jambo kuliko waliolitangaza.

– Na vistari hivi? aliuliza mwalimu, akionyesha ukuta.

– Hiyo ndiyo mizunguko yake, alisema Wembe. – Kila Jumamosi akitoka kazini. Anapita hapa, anafuata ukuta wa shule, mashine ya kusaga, gereji, anarudi. Mara ishirini na sita. Anasema mtu akichoka hesabu zinaruka, kwa hiyo akamwomba Gundi amhesabie. Gundi anapiga chaki, Shangazi anampa kikombe cha maji.

– Na wewe unampa nini?

– Mimi? Wembe akalivua taulo begani, akalikunja. – Mimi ndiye niliyemaliza kazi. Alhamisi alikaa kwenye kiti changu, nikazishusha nywele zote. Nywele za mtu mzima zikilowa jasho, unajua uzito wake?

– Kiasi gani?

– Mwingi. Halafu nikamsafisha nyuma ya masikio. Mkimbiaji akisikia vizuri hatua za walio nyuma yake, hatulii. Hapo pana dakika tano, si chini ya hapo.

– Masikio, alisema Shangazi kwa dharau. – Jana alfajiri alipitia kwangu. Nilimkorogea vikombe viwili, vizito. Kahawa yangu ikiingia tumboni haimwachi mtu akae.

– Mbona sisi tumekaa?

– Nyinyi imeshawazoea.

Breki alikuwa kimya kidogo, na Breki akiwa kimya ni kwamba anapakia. Akaweka kikombe chini.

– Mnataka niwaambie ukweli? Ni mashuka. Yule mama kila siku anashika mashuka ya watu waliolala, watu wasioweza hata kufika dirishani. Sasa hizo hatua ambazo hawazitembei zinakwenda wapi? Mtu alikuwa aende sokoni, aende kwa dada yake, arudi. Hakwenda. Zote zinabaki kwenye shuka. Yeye anazikung'uta, anazifua, anazikunja. Miaka kumi na saba. Jana hakukimbia peke yake, alikuwa na safari za wodi nzima miguuni.

Ilikuwa nadharia ya kipuuzi kuliko zote, na hakuna aliyecheka. Hata Wembe alitazama barabara.

Gundi alikuwa na nadharia yake mwenyewe, ila yake haikuhusu jana. Ilihusu ile Jumamosi ya mwaka jana, wiki tatu kabla ya mbio. Jioni ile Breki na Wembe walikuwa wakibishana kama samaki huona kiu. Breki alisema huona, Wembe alisema hawezi kuona, na Gundi aliombwa awe mwamuzi. Aliamua kwa moyo wote, chaki mkononi, mgongo ukutani. Mama Shuka alipofika akihema na kuuliza amebakiza mingapi, Gundi aligeuka, akahesabu vistari, akamwambia ishirini na tatu, bado mitatu. Yule mama akaondoka. Mzunguko wa mwisho alirudi akichechemea, na Jumatatu akapigwa picha ya mguu, mfupa umepasuka.

Jioni ileile Shangazi, akikusanya vyombo, alimwambia neno moja tu: Gundi, leo nimemimina maji mara ishirini na tisa. Hakulirudia tena, wala Gundi hakulijibu. Mwaka mzima alilala nalo na kuamka nalo. Alipomwona yule mama na magongo alijisingizia kutafuta sindano chini ya kigoda. Alipoanza tena kutembea, Gundi alipiga kistari kimoja kwa uangalifu, kama mtu anayeandika jina la marehemu, na tangu siku hiyo mtu akileta ubishi Jumamosi anamfukuza kwa nyundo. Aliapa kwamba atamwambia baada ya mbio. Sasa mbio zimekwisha.

– Huyo anakuja, alisema Wembe.

Alikuja akishuka ukingo wa barabara kwa upande, hatua mojamoja, kwa maana mapaja yalikuwa yamekaza. Bado alikuwa na sare ya kazini, na medali aliitia mfukoni, utepe ukining'inia nje. Breki alisimama akampisha, jambo ambalo hata kwa mchungaji hajawahi kulifanya.

– Kaa, mama. Kaa hapa. Shangazi, mimina.

– Nikikaa sitanyanyuka, alisema Mama Shuka, akakaa. – Ngazi za kazini leo nimeshuka kinyumenyume. Wagonjwa wamenicheka mpaka mmoja akasahau dawa yake.

Wakacheka, wakaishika medali, wakaipima uzito kwa viganja. Wembe aliing'ata kidogo, Shangazi akampiga mkono.

– Mama Shuka, alisema Gundi. Sauti ilimtoka nyembamba. – Nina neno.

– Sema, kaka Gundi.

– Ile Jumamosi ya mwaka jana. Ulipouliza, nikakwambia bado mitatu. Hukuwa na deni la hata mmoja. Ulikuwa umemaliza. Tulikuwa kwenye mambo ya samaki, nikapitiwa. Ulikimbia mitatu ya bure, na mguu ukavunjika. Ni mimi niliyekuvunja. Nimekaa nalo mwaka mzima, na kila nikitaka kulisema nakuona unapita, unanipungia mkono.

Breki alimtazama Wembe, Wembe akamtazama Breki, na kila mmoja akawa anamkumbuka samaki.

Mama Shuka alikunja mkono wa sare yake. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na mipira myembamba, ile ya kufungia mafurushi ya mashuka.

– Inakuwa ishirini na sita, alisema. – Kila mzunguko nahamisha mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Siku ile mkono wa kushoto ulikuwa mtupu nilipokuuliza.

– Ulijua?

– Nilijua. Niliwasikia kuanzia kwenye kona ya gereji, kiu ya samaki. Nikasema, wazee wamepitiwa.

– Sasa kwa nini ulikimbia?

– Kiburi, kaka yangu. Mguu ulikuwa unaniuma tangu Alhamisi, sikumwambia mtu. Ulipotaja mitatu, nikataka kuuonyesha mguu nani mkubwa. Daktari aliniambia ule ufa una wiki mbili. Mguu ungevunjika tu, hata kama ungenihesabia kwa kalamu ya dhahabu.

Gundi alifuta macho kwa mkono wenye gundi, akajipaka nyusi.

– Na kama una mipira, alisema baadaye, – mimi ulinipa chaki ya nini?

– Nilitaka mtu wa kumuuliza. Mpira hausemi bado mitatu.

Alikunywa kahawa, akashika kikombe kwa mikono miwili.

– Ngoja niwaambie. Jana, kilomita ya thelathini na nane, miguu iligoma. Haikuuma, iligoma. Watu wanakaa chini pembeni, mmoja analia, na mimi naona zile dakika tisa zinakuja tena. Nikatafuta neno la kujiambia nikakosa. Mara nikasema: Gundi amepitiwa. Umemaliza, lakini Gundi amepitiwa, ongeza mitatu. Nikacheka peke yangu barabarani. Nikaona ukuta wa shule, nikaona mashine ya kusaga, nikaona gereji. Nikauzunguka mtaa huu mara tatu kichwani, na nilipomaliza wa tatu nikawa naingia uwanjani.

Shangazi aligeuza uso kwenye makaa, ambayo hayakuwa na moshi wowote.

Breki ndiye aliyejipata kwanza.

– Kwa hiyo ni sisi, alisema. – Mwalimu, wewe ni shahidi. Bila ule ubishi hakuna mitatu ya ziada, na bila mitatu ya ziada mama yetu amekaa pembeni analia. Na samaki nilimleta mimi.

– Ulimleta, ila niliyekataa ni mimi, alisema Wembe. – Usingepata ubishi kwa kukubaliwa. Medali hii ni ya benchi. Ikitundikwa, itundikwe kwangu, kuna kioo, itaonekana mbili.

– Itundikwe juu ya birika.

– Iingie moshi?

Gundi alimaliza kisigino. Alikigonga mara moja, safari hii msumari wa kweli, akampa mwalimu kiatu chake. Mwalimu alikivaa, akajaribu hatua mbili, kisha akawageukia.

– Samahani, wazee wangu. Alipofika mwisho, nani kati yenu alikuwa pale kumpokea?

Wembe alilikunjua taulo, akalikunja tena. Uwanja ulikuwa nusu saa kwa miguu, barabara nyoofu, Jumapili hakuna kazi. Na jana, tangu saa mbili asubuhi, wote walikuwa wamekaa hapa wakibishana kama ameshavuka daraja au bado. Kunyanyuka hakukumjia mtu hata mmoja, Gundi naye akiwemo.

– Tulikuwa hapa, alisema Wembe mwishowe. – Tulikuwa tunakuzungumzia.

– Najua, alisema Mama Shuka, bila kinyongo. – Nilivuka mstari, dada mmoja akanivisha medali, akamgeukia mwingine. Nikatazama ile saa kubwa, nikaona inaanza na tatu. Nikageuka nimwambie mtu.

Breki alisukuma kikombe kwa Shangazi, naye akaliinamisha birika. Lilidondosha matone mawili, likakauka.

Gundi aliweka nyundo chini. Aliusukuma mwili wake kutoka kwenye kigoda, magoti yakalia, akasimama wima mbele ya watu wote, akaonekana mrefu kuliko walivyodhani. Aliokota chaki.

– Mbio zijazo ni lini?

– Mwakani. Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu.

Aliiandika tarehe ukutani, juu kabisa, mahali ambapo akiwa amekaa hapafikii. Chini yake akaongeza maneno mawili, makubwa, ya kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: FUNDI HAYUPO.

Wembe aliyasoma mara mbili, kisha akanyoosha mkono apewe chaki.